Fungu la Asiyekuja

Marangu, Desemba 27, usiku

Wageni wa mwisho wameondoka leo asubuhi, na nyumbani zimebaki sauti mbili: ya Mama, na ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yanayopita nyuma ya zizi. Nimekaa jiko la nje, lile la kuni, maana ndiko kwenye joto. Ukimtajia Desemba mtu wa Dar es Salaam anawaza jasho, lakini huku juu usiku wa Desemba unataka sweta na soksi. Mikono yangu bado inanuka moshi wa jana. Sina haraka ya kuitoa harufu hiyo.

Kabla sijasafiri, mwenzangu wa kazini, mtu wa Mtwara, aliniuliza: hivi nyie Wachaga, ni kitu gani hasa kinachowazoa wote kila Desemba? Nikamjibu palepale: mtori wa ndizi, pombe ya mbege, baridi, wazee. Hakuna uongo hapo. Ila jibu lenyewe halikunikaa vizuri, kwa sababu mtori naupika hata Kimara, na mbege Dar ipo mwaka mzima. Safari nzima nikawa namtafutia jibu jingine.

Tulipandia basi Mbezi, usiku. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, naipenda safari hiyo kwa ajili ya watoto. Wanalala Chalinze, wanaamka Same. Mimi silali. Nakumbuka safari za mchana za utotoni, tulipokuwa tunaondoka Ubungo alfajiri: foleni kwenye daraja jembamba la Wami, gari moja likisubiri jingine lipite, wauza machungwa wa Segera wakiyainua hadi dirishani, mashamba ya mkonge ya Korogwe yaliyopangwa mistari, halafu milima ya Usambara na ya Upare ikitusindikiza mkono wa kulia mpaka tunakaribia kufika. Baba alikuwa anatutajia jina la kila mji kana kwamba tungeulizwa mtihani. Safari hii binti yangu aliamka Mwanga, akaniuliza kama tumefika, nikajikuta namtajia majina ya miji tuliyoipita akiwa usingizini.

Himo tukashuka, tukapanda gari dogo la kwenda juu. Hapo ndipo Krismasi inapoanza kwangu. Barabara inapanda, masikio yanaziba, vioo vinafungwa kimoja kimoja kwa baridi, na migomba inaanza kuufunika mteremko. Tulipofika Marangu Mtoni kulikuwa ndiyo kwanza kunakucha na mlima Kilimanjaro ulikuwa haujajifunika. Kibo nyeupe, Mawenzi kando yake na meno yake. Mita 5,895 nimezikariri tangu shule ya msingi, na kila mwaka nauangalia kana kwamba nimeonyeshwa leo.

Tarehe 24 naipenda kuliko hata sikukuu yenyewe, kwa sababu ni siku ya kuwasili. Mama hakai. Kila gari likiguna kwenye kona ya chini anasimama, anajifuta mikono kwenye kanga, anasikiliza. Watoto wanapanga foleni ya shikamoo. Yeye haulizi safari ilikuwaje, anauliza mmekula, kisha anarudi jikoni akihesabu kimoyomoyo. Midomo inacheza lakini sauti haitoki. Mwaka huu wajukuu 11 walilala sebuleni, magodoro yamepangwa kwa upana ili miguu ienee.

Mchana huo wanawake tunamenya mchare, ndizi za kupika. Asiyejua amenye mikono mikavu aone utomvu unavyomganda vidoleni, mweusi, wiki nzima hautoki. Sisi tunajipaka mafuta ya kupikia kwanza. Wifi yangu ni Mngoni wa Songea, aliolewa hapa akiwa hajawahi kuonja mtori. Leo mtori wake ndio tunaougombania. Anachemsha nyama yenye mifupa mpaka inaachia, ndizi zinaiva humohumo, halafu anapekecha taratibu bila kusimama mpaka inakuwa laini bila kuwa gundi. Mama akimsifu anamsifu kwa Kichaga, na wifi anashukuru, “aika mae”, kama aliyezaliwa mtaa wa pili.

Mbege ilikuwa imeshaanzwa siku nyingi nyuma: ndizi mbivu zikachemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Uchungu kidogo wa gome la msesewe ndio unaoitofautisha ya nyumbani na nyingine zote nilizowahi kunywa.

Jioni, kabla ya ibada ya mkesha, tukaenda kwa Baba. Kwetu marehemu hatuwapeleki mbali, wanalala kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Kaburi lake liko chini ya kahawa, limezungukwa na masale, mimea ya majani marefu tunayopanda makaburini na mipakani. Tuling'oa majani, tukapaka chokaa, watoto wakagombania brashi. Hii ni Krismasi ya tatu bila yeye. Ya kwanza sikuweza kufika pale. Mwaka huu nilipaka chokaa na nikacheka, mtoto wa kaka alipomwambia babu yake kwa sauti kuwa sasa yuko darasa la pili.

Asubuhi ya Krismasi inaamshwa na tarumbeta. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika mlima huu mwaka 1893, na upigaji wa tarumbeta tuliurithi kwa Wajerumani hao, lakini sasa umekuwa wetu kabisa. Vijana wa usharika wanapiga kungali na umande, sauti inashuka korongoni na kurudi. Babu yangu alipiga, Baba akapiga, kaka alijaribu akashindwa. Baada ya ibada ni mnada: mayai, jogoo, mbuzi, mikungu ya ndizi iliyoletwa na watu wasio na fedha taslimu ya sadaka. Waliotoka mijini wanapandishiana bei kwa makusudi. Kaka alinunua mkungu wa ndizi kwa shilingi 60,000 na papo hapo akampelekea bibi mmoja mjane anayekaa benchi la mbele. Bibi akasimama, akaucheza mkungu wake huku kwaya ikiimba. Nilitokwa na machozi, na sikuwa peke yangu.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Tarehe 26 ni siku ya ukoo. Mbuzi anachinjwa asubuhi nyuma ya nyumba, nyama inapangwa juu ya majani ya mgomba, na mtu mmoja anashika kisu na kugawa. Kila ukoo una utaratibu wake. Kwetu kidari ni cha mkubwa wa ukoo, mabinti tulioolewa tuna fungu letu, mama ana lake, mkwe ana lake, na hakuna anayepewa kwa sababu ameomba. Jina linaitwa, unapokea kwa mikono miwili. Na wasiofika wanaitwa pia.

Babu yangu alikuwa na watoto wa kiume watatu. Kwa desturi yetu ya urithi, wa kwanza hutafutiwa shamba, na wa mwisho hubaki na nyumba ya baba yake. Wa katikati hujitafutia. Wachaga wengi mnaowaona na maduka Mwanza, Mbeya au Kahama ni watoto wa katikati, au wajukuu wa watoto wa katikati. Vihamba vimegawanywa mpaka havigawanyiki tena. Baba alikuwa kitindamimba. Baba mkubwa alikuwa wa katikati. Alipewa kipande chembamba kando ya korongo, akaenda kuhangaika mbali, aliporudi ukazuka ugomvi wa mpaka: mistari miwili ya kahawa, na masale ambayo mmoja alisema yamesogezwa na mwingine akaapa hayajaguswa. Baba mkubwa hakukanyaga kwetu kwa miaka tisa.

Kila tarehe 26 katika miaka hiyo tisa, fungu la kwanza ambalo Baba alikata lilikuwa la kaka yake. Bega zima. Alilifunga kwenye jani la mgomba, akaniita mimi.

“Vuka mfongo. Mpe mama yako mkubwa. Salimia, usiongeze neno, urudi.”

Nilikuwa na miaka kama kumi nilipoanza. Mama mkubwa alipokea, akaingia ndani, akatoka na ndizi za kisukari akaniwekea kwenye kanga, maana mjumbe harudi mikono mitupu. Baba mkubwa alikuwa amekaa hapohapo barazani ameutazama mlima. Hakuniitikia shikamoo hata mara moja. Nilimchukia, nikamwambia Baba siendi tena. Baba hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye hana mamlaka ya kumtoa mtu kwenye hesabu ya baba yao.

Mwaka wa tisa alikuja. Tulikuwa kwenye kugawa, mbwa wakabweka, nikamwona amesimama pale mlangoni mwa kihamba, hajavuka, ameshika jani la isale. Anayeleta isale kwetu hakataliwi; hilo linajulikana mlima mzima, hata mtoto anajua. Watu wakanyamaza. Baba akaenda, akalipokea lile jani, wakasimama pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha akamshika mkono akamleta mpaka kwenye nyama, akamkabidhi kisu.

“Gawa wewe. Wewe ndiye mkubwa.”

Na akagawa, mikono ikimtetemeka. Aliponiita jina langu alisema, “Mjumbe,” akanipa kipande kikubwa kuliko umri wangu. Ile mistari miwili ya kahawa bado ipo. Sijui siku hizi inahesabiwa ya nani, na sijamsikia mtu akiuliza.

Jana kisu alikishika kaka yangu. Baba mkubwa ana miaka zaidi ya 80, hawezi tena kuvuka mfongo, kwa hiyo kidari chake kilifungwa kwenye jani. Nikamwita binti yangu. Ana miaka tisa, mtoto wa Kimara, anaogopa mbwa na korongo. Akaniuliza aseme nini. Nikamwambia amsalimie na akae naye kidogo. Alikaa karibu saa nzima, tukaanza kuwa na wasiwasi, akarudi na ndizi za kisukari kwenye gauni na habari kwamba babu amemfundisha kuhesabu kwa Kichaga mpaka kumi na ameimba. Akatuhesabia. Alikosea saba, Mama akamrekebisha, akaanza upya.

Mafungu mawili yalibaki juu ya majani. Moja ni la mpwa wangu aliyeko Muscat kikazi. Mkataba wake unaisha Machi, atalikuta. La pili ni la mdogo wangu. Hii ni Krismasi ya nne hajaja, na simu zetu hapokei. Kuna maneno yalisemwa humu ndani, na baadhi niliyasema mimi. Kaka alipofika kwenye jina lake hakupunguza sauti. Aliliita kama alivyoita mengine, akasubiri, kisha Mama akaenda kulipokea kwa mikono miwili.

Nadhani sasa ninalo jibu la yule mwenzangu wa Mtwara. Nitamweleza tukiwa tumekaa, si kwa ujumbe wa simu.

Wakati naandika haya, mafungu hayo mawili yananing'inia juu ya kichwa changu, darini, juu ya moto, yanakaushwa na moshi kama Bibi alivyokuwa anatunza nyama. Mama ameingia sasa hivi. Amesogeza kuni, amepanda kwenye kigoda, ameligeuza fungu la mdogo wangu ili upande ambao haujapata moshi uuelekee moto. Ameniambia nisichelewe kulala, ametoka.