Mkanda wa pikipiki ya magurudumu manne: nilivyojua umekwisha

Pikipiki hii tunabebea dagaa kutoka mwaloni Kayenze hadi barabarani. Mkanda wake ni wa mpira, unazunguka kwenye puli (magurudumu madogo ya ndani) na kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Wiki ile injini ikawa inanguruma bila mwendo, hasa kwenye mchanga na gunia mbili nyuma, na harufu ya mpira unaoungua. Fundi mmoja akasema klachi imekufa, ninunue nzima. Nikasita, maana hakufungua hata kava la mkanda.

Nikafungua mwenyewe. Ndani vumbi jeusi la mpira tupu. Maji hayakuwemo, yangekuwemo ningeukausha kwanza, kwani hata mkanda usio na kasoro ukilowa huteleza. Nikautoa na kuukunja kinyumenyume, meno nje: nyufa katikati ya meno, pembeni unang'aa kama kioo. Sehemu moja, urefu wa kidole, ilikuwa imeliwa. Hapo ndipo ulipoungua siku tuliyokwama, puli ikizunguka mkanda umesimama. Kalipa, kile kipimo cha upana, ikasoma milimita 26 hapo; kitabu cha mashine kinataka usipungue 28. Sehemu nyingine ulikuwa sawa, lakini pimeni palipo pembamba zaidi!

Nikafuta puli kwa spiriti, bila grisi kabisa, nikafunga mkanda mpya kufuata mshale uliochorwa juu yake. Siku ya kwanza sikubeba mzigo. Klachi ileile inapanda mchanga mpaka leo.