Punda wetu mwenye mimba alipokataa kula

Mapesa alikuwa mnene, na kijijini kwetu kando ya Ghuba ya Speke, wilayani Magu, punda mnene ni sifa ya mwenye nyumba. Watu wakipita kwenda ziwani walikuwa wanasimama kumsifia: shingo imejaa, mbavu hazionekani, tumbo limeshuka. Mimba ya punda huchukua kama miezi 12, na wengine hufika 13 au hata 14, kwa hiyo hakukuwa na tarehe ya kushika. Nilikuwa natazama kiwele tu.

Kiwele kilipoanza kujaa, ukatokea na uvimbe chini ya tumbo, mbele ya kiwele, laini, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Jirani mmoja akasema ameumwa na nyoka. Nikampigia simu daktari wa mifugo, yule kijana anayezunguka na pikipiki. Akauliza: uvimbe uko sawa pande zote? Ukimgusa anarusha mateke? Anakula? Nikamjibu uko sawa, hana maumivu, anakula vizuri.

"Basi mama Kulwa, huo ni uzito wa mimba. Mwache atembeetembee, ila mzigo asibebe tena. Akikataa kula unipigie, hata iwe usiku wa manane."

Wiki ileile shemeji akaja kumwazima mwenzake, dume tuliyemhasi, akavute mkokoteni wa mchanga upande wa Kisesa. Hao wawili tulinunua pamoja mnadani. Ziwani wanakwenda pamoja, wakilala wanalala wameegemeana. Dume alipoondoka Mapesa alilia mpaka jua likazama, uso ameuelekeza barabarani. Asubuhi nikakuta majani ya viazi niliyomwekea jioni yako vilevile, hata kuyanusa hakuyanusa. Kichwa ameinamisha, masikio yamelegea pembeni. Kinyesi kilikuwa kidogo, kikavu, kimezungukwa na utelezi kama makamasi.

Baba mkwe alikuja akamwangalia, akasema, "Huyo haumwi, mwanangu. Anajiandaa kuzaa. Hata ng'ombe hupunguza kula." Baba amefuga ng'ombe tangu utoto wake, na kwa ng'ombe simbishii. Lakini punda ana tabia ya kuficha maumivu. Anaweza kuwa amesimama pale kimya, wewe unadhani amechoka, kumbe hali ni mbaya. Nikampigia daktari.

Alimpima moyo, akamfunua midomo aangalie rangi ya fizi, akaingiza mkono kukagua magego kama kuna jino linalomchoma. Halafu akamtoa damu shingoni, akaijaza kwenye kichupa, akakisimamisha dirishani, tukakaa kunywa chai. Nilidhani kasahau. Baada ya muda alikinyanyua akatuonyesha: damu nyekundu imeshuka chini, na yale maji ya juu, ambayo kwa punda mzima huwa ya njano na unaona upande wa pili, yalikuwa na ukungu kama maji ya kusuuzia kibuyu cha maziwa.

"Hayo ni mafuta," akasema.

Alivyotueleza ni hivi. Punda mwenye mimba kubwa ana mtoto anayedai chakula kila saa. Mama akiacha kula, mwili unaanza kuyayusha mafuta ya akiba na kuyamwaga kwenye damu. Kwa punda mnene akiba ni kubwa, na akishaanza kumwaga hajui kusimama. Mafuta yanazidi yale ambayo ini linaweza kuyamudu, ini linajaa mafuta, figo nazo zinachoka. Mnyama anazidi kukosa hamu ya kula, na kadiri asivyokula ndivyo mafuta yanavyozidi kumwagika. Farasi nao hupata, ila punda ndio wanaoongoza, na wengi wanaofikia hatua ya maji meupe kabisa kwenye kichupa hawaponi. Ule unene wa shingoni tuliokuwa tunasifiwa ndio uliokuwa hatari yenyewe. Akatuonya palepale tusije tukasema basi tumpunguzie chakula akonde. Punda hupunguzwa unene kabla hajapata mimba, polepole. Kumnyima chakula sasa hivi ni kumuua.

Halafu akauliza, "Nani ameondoka hapa nyumbani?"

Nikaanza kumtajia watoto waliorudi shule. Akacheka. Alikuwa anauliza punda. Kumbe punda waliozoeana ukiwatenganisha, aliyebaki anaweza kususa chakula kwa huzuni tu, na kwa mwenye mimba huo mshtuko unatosha kabisa. "Mrudisheni leo," akasema.

Shemeji kwenye simu alilalamika weee. Kazi ya mchanga ameshapokea na malipo ya awali, na watu wa mikokoteni mnawajua, punda afe mzigo ufike. Mume wangu hakubishana naye, alipanda daladala akamfuata dume mwenyewe, wakaingia usiku kwa miguu.

Daktari alimtundikia Mapesa dripu ya glukosi. Kisha akapitisha mpira puani mpaka tumboni akamimina uji mwepesi. Hiyo kazi ya mpira usijaribu mwenyewe hata kama umeiona ikifanyika, ukikosea njia uji unaingia kwenye mapafu. Yetu sisi ilikuwa kumbembeleza ale chochote anachokubali, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku, hata usiku. Watoto walikata nyasi mbichi kando ya ziwa. Mimi nilikuwa nalowesha pumba za mahindi kwa maji ya uvuguvugu, natia sukari kidogo, nampa kwenye kiganja. Ushauri haukukosekana. Mmoja alitaka nimchanganyie vumbi la dagaa apate nguvu, eti mbona kuku wananenepa! Mwingine akaja na mashudu ya pamba. Daktari alikataa vyote viwili.

Dume alipoingia zizini Mapesa aliinua masikio, wakanusana. Sitaki kusema alipona saa ileile, maana hakupona. Alianza kutafuna nyasi za mwenzake, akaacha, akarudia. Kichupa cha damu kilipimwa tena na tena, na dripu iliendelea mpaka yale maji ya juu yakaanza kuwa maangavu. Gharama ilituuma. Ila punda jike siku hizi si wa kumpata kirahisi. Biashara ya ngozi iliwamaliza katika nchi nyingi mpaka viongozi wa Umoja wa Afrika, Februari 2024, wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Chuchu zilipotoa matone yaliyoganda kama nta, na nyama za pembeni ya mkia zikalegea, tulijua ni karibu. Tulitandika majani makavu zizini, tukafunga mlango vizuri kwa sababu ya fisi na mbwa. Daktari alinipa mambo ya kukariri. Chupa ikishapasuka, punda huzaa haraka, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Zikipita bila kitu, piga simu. Miguu ya mbele itangulie, mmoja mbele kidogo ya mwingine, pua ikiwa juu yake. Mfuko unaotokea uwe mweupe. Ukiona mfuko mwekundu, laini kama mahameli, kondo limebanduka kabla ya wakati na mtoto anakosa hewa, upasue palepale usisubiri mtu.

Wetu ulikuwa mweupe. Mtoto jike alitoka alfajiri, mimi nikiwa nje ya zizi na tochi ya simu, mikono nimeifumbata nisijiingize. Kwato zake zilikuwa zimefunikwa na vinyama laini, vyeupe, vinavyoning'inia. Vipo ili asimchane mama tumboni, na vilikwisha vyenyewe alipoanza kutembea. Kitovu tuliacha kikatike chenyewe, nikakichovya kwenye dawa ya ayodini. Chanjo ya pepopunda kwa mama inashauriwa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, na hatukuwa tumeipata, kwa hiyo kwenye usafi wa kitovu sikutaka mzaha. Ndani ya saa moja alisimama, na kabla ya saa mbili kuisha alikuwa ameshika chuchu. Hilo la kunyonya nilikuwa nalisubiri kuliko yote, maana mtoto wa punda hazaliwi na kinga, anaipata kwenye dang'a, na baada ya siku ya kwanza tumbo lake haliwezi tena kuipokea.

Tatizo lilibaki kwenye kondo la nyuma. Baba mkwe alisema tulifunge jiwe lishuke taratibu, ndivyo wanavyofanya kwa ng'ombe, na ng'ombe anaweza kukaa nalo mpaka kesho yake. Nikamwambia, "Baba, samahani, kwa huyu tusubiri daktari. Kwa punda likikaa zaidi ya saa 3 tangu azae ni hatari, na likivutwa linakatikia ndani." Alininunia. Nilichofanya ni kulikunja na kulifunga fundo lisiburuzike akalikanyaga, nikapiga simu. Daktari yuko njiani, likaanguka lenyewe. Alipofika alilitandaza juu ya gunia akalikagua pembe zote mbili, yaani zile ncha zake, maana kipande kidogo kikibaki ndani kinaweza kuleta sumu kwenye damu na ugonjwa wa kwato. Lilikuwa zima. Baba mkwe naye alisogea akainama kuangalia, akauliza hizo pembe ziko wapi.

Mtoto ataachishwa ziwa akifikisha miezi 6 hivi. Shemeji ameshaulizia dume tena. Mume wangu kamwambia akitaka kuvuta mchanga anunue wake, au awachukue wote watatu na chakula chao atoe yeye.