Jamaa wa mabegi 100

Nilikuwa nimemaliza chuo, kozi ya biashara, cheti kipo kwenye bahasha na ajira hamna, ndo nikajishikiza kwa mama mmoja aliyekuwa anauza mabegi kwa jumla. Kazi yangu kupanga mzigo, kuandika daftari na kupiga hesabu akiniambia piga. Yeye shule aliishia huko chini kabisa na wala hakuwa anaficha.

Siku hiyo akaja jamaa, kapendeza, simu mbili mkononi, anaongea kwa kujiamini mpaka unaogopa kumkatiza. Anataka mabegi 100. Mi moyoni nishaanza kushangilia maana oda kama ile haikuwa ya kila siku. Akafungua zipu, akavuta mikanda, akauliza kiroba kimoja kinaingia mabegi mangapi, halafu ndo akaanza mambo yake, bei iko juu, apunguziwe 10% kwa sababu anachukua mzigo mkubwa, na alipe nusu tu leo, hiyo nyingine tumpe mali kauli atamalizia akishauza.

Mama hakukataa wala hakukubali. Alimuuliza tu, "kaka yangu, mzigo huko nyuma ulikuwa unachukua kwa nani?"

Jamaa akazungukazunguka, mara yule mzigo wake mbovu, mara huyu hana lugha nzuri, jina la mtu hatujalisikia. Mama anaitikia mhm huku anakunja mifuko. Chuoni sisi mkopaji tulifundishwa kumpima kwa dhamana na taarifa za benki, sasa huyu wa mali kauli taarifa za benki anazitoa wapi, huyu unamjulia kwa yule aliyemkopesha kabla yako, kama alimkimbia basi na wewe upo kwenye foleni.

Mama akaniambia nipige hiyo 10%. Hapa nikitetee chuo kidogo, asilimia nilikuwa naziweza. Kwenye biashara yetu kila 100 iliyoingia, 80 ilirudi kununua mzigo, faida ni 20, na hapo usafiri na kodi bado. Sasa ukitoa 10% unaitoa kwenye bei, ila inayoliwa ni faida, kwa hiyo nusu ya faida imeondoka na itabidi uuze mara mbili ya ulivyokuwa unauza ndo urudi palepale. Watu wakisikia 10 wanaona kitu kidogo sana! Mama alikuwa anaijua hesabu hiyo hata kabla sijagusa kalkuleta, nadhani alitaka jamaa anione nabonyeza ajue bei haikuokotwa tu.

Akamwambia, "ukilipa keshi yote leo nakupunguzia 3%. Ukitaka mali kauli bei ni ileile, unaanza na mabegi 20, ukimaliza deni tunaongeza." Baada ya hapo akanyamaza.

Kile kimya jamani. Jamaa anaangalia simu, anaangalia mabegi, mama anakunja mifuko yake kama hayupo. Mimi mdomo unaniwasha, nataka niseme chochote, hata nisifie zipu, na mama nafikiri aliniona kwa sababu alinituma kamba ya kufungia mzigo wakati kamba ilikuwa tele pale pale. Narudi nakuta jamaa kashuka mwenyewe, "basi mama fanya 5 tumalize." Mama akajibu 3, ila kufunga mzigo ni juu yetu. Ya mali kauli haikutajwa tena. Akachukua mabegi 60, akatoa hela ndani ya koti, keshi, zimefungwa na rababendi kabisa.

Alivyoondoka nikamuuliza mama alijuaje kama jamaa ana hela. Akanicheka. "Mwanangu, mtu asiyenunua anauliza kiroba kinaingia mangapi? Yule usafiri alishaupanga kabla hajafika hapa, mkopo alikuwa anajaribu tu."

Nikadhani yameisha, namwona anachukua simu anaanza kuwapigia wauza mabegi wenzake mmoja mmoja, anawaelezea jamaa alivyo, kama kuna anayemjua na kama ana deni la mtu. Nikamwambia lakini si kalipa yote. Akasema leo kalipa yote, ndo maana mara ya pili atakuja kukopa kweli.