Macho ya Mzee na Taa za Injini

Jana binti yangu aliniuliza kwa nini ile injini ndogo ya treni, ya mfano, ya babu, iliyo juu ya kabati ina taa za rangi mbili: mbele njano hafifu, nyuma karibu na chungwa. Nikamjibu kwamba babu ndiye aliyetaka hivyo. Jibu refu ni hili.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya Kijerumani, ya kipimo cha H0, yaani imepunguzwa mara 87. Kaka ndiye aliyemletea Mzee alipokuja likizo. Mzee aliigeuzageuza, akaisifia magurudumu, mpaka nilipoiwasha. "Zima," akasema. "Hiyo ni taa ya hospitali."

Nilimwelewa. Taa nyeupe ya LED kwa asili ni ya bluu, juu yake imepakwa unga wa njano unaong'aa, na bluu ikizidi mwanga unakuwa wa baridi. Taa alizozijua Mzee zilikuwa za waya unaowaka ndani ya kioo. Alianza kuziona kwenye injini za mvuke za Garratt za daraja la 60, zile zilizopewa majina ya magavana, alipokuwa mtia moto wa Reli ya Afrika Mashariki, na baadaye kwenye dizeli. Waya ule hutoa mwanga wa kelvini 2,800 hivi (kelvini ndicho kipimo cha rangi ya mwanga; ikipanda, mwanga unakuwa wa baridi zaidi). LED kama zile za injini yake huwa 6,000 na zaidi.

Kazi ya mikono ilikuwa nyepesi. Nilibadilisha rezista ili ukali upungue, nikanunua rangi ya kuchorea vioo, ya njano na ya chungwa, nikachanganya kwenye kizibo cha soda, nikapaka kwa kijiti cha meno.

Shida ikaja kwenye macho. Mzee alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kushoto peke yake. La kulia lilikuwa linangoja zamu. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika mtaa wa Nsambya mzima, Kampala, nasi tukaona ndiyo nafasi. Niliweka kipande cha reli mezani, nikaunganisha betri ya voti 9, nikasimamisha karatasi nyeupe shubiri moja mbele ya injini. Mzee akasogeza kigoda, akainama mpaka kidevu kikagusa meza.

"Hapo sawa," akasema. "Hapo ndipo penyewe."

Kisha akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Akanyamaza. Akahamisha kiganja upande wa pili, akarudisha, akahamisha tena. "Mwanangu, umegusa kitu?"

Sikuwa nimegusa kitu. Lenzi ya jicho huingia unjano kadiri mtu anavyozeeka, na ile anayowekewa mgonjwa kwenye upasuaji kwa kawaida ni safi. Jicho la kulia lilikuwa linaongeza unjano wake lenyewe. La kushoto lilikuwa bado linaona weupe.

Nikageuza nyaya za betri ili taa za upande wa pili ziwake, nikazipaka mkono wa pili wa rangi, tukangoja ikauke. Safari hii jicho la kushoto likaridhika, la kulia likakataa. "Hili linaona makaa," akasema. Akanieleza kwamba hata taa ya Garratt haikuwa na rangi moja: umeme wake ulitoka kwenye jenereta ndogo iliyozungushwa na mvuke, na presha ikishuka taa ilikuwa inageuka nyekundu, hata mafunjo ya bondeni yanabadilika sura mbele ya injini. Alipoona hivyo alijua kazi inamwita kwenye moto.

Niliuliza tufuate jicho lipi. Akasema tuache kila upande na jicho lake, ataamua la kulia likishatibiwa. Zamu ya jicho lile haikuwahi kufika.

Mimi naelekea upande wa nyuma, kwa sababu jicho lenye lenzi safi liko karibu zaidi na lile alilokuwa nalo ujanani. Lakini kumbukumbu yake aliibeba miaka mingi akitazama kwa macho yaliyozeeka, na sijui nayo ilipata rangi gani njiani. Picha hazisaidii: filamu ya mwanga wa mchana huifanya taa ya waya kuwa ya chungwa kuliko ilivyo. Kama kuna msomaji aliyewahi kukaa kwenye injini zile usiku, kati ya Tororo na Jinja au popote, naomba aniandikie alivyoiona ile taa.