Nilivyofinyanga upeo wa shimo jeusi linalozunguka

Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita hapa Bukavu, wale wa hesabu na fizikia, walitaka kujua shimo jeusi linalozunguka lina umbo gani. Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotolewa mwaka 2019 walikuwa nayo kwenye simu, lakini pale unaona mwanga tu. Upeo wenyewe, ule mpaka ambao kitu kikishauvuka hakirudi, hauonekani. Nikaamua kuufinyanga kwa udongo.

Kazi yote imejificha katika herufi moja. Roy Kerr, mwanahisabati wa New Zealand, alipata suluhisho la milinganyo ya Einstein kwa mashimo haya mwaka 1963, na jinsi linavyoandikwa siku hizi lina herufi r, ambayo macho huisoma kama umbali kutoka katikati. Sivyo ilivyo. Kwa hiyo r niliiacha kwenye daftari, nikatafuta kitu ambacho uzi unaweza kukipima: mzingo.

Uzito wa shimo ukigeuzwa kuwa urefu huitwa M. Nilichukua M ya sentimita 5, sawa na uzito wa Dunia 11 hivi, na mzunguko wa 0.8 ya kikomo chake, yaani mzunguko mkubwa kuliko wote ambao shimo la uzito huo linaweza kuwa nao. Mzingo wa upeo kwenye ikweta ni 4πM, basi nikakata uzi wa sentimita 62.8. Mzingo unaopita nchani, yaani juu na chini kabisa, hauna fomula nyepesi. Niligawa robo ya duara vipande vidogo, nikajumlisha kwa njia ya Simpson kwa kikokotoo cha shule, nikapata sentimita 53.3. Huo ukawa uzi wa pili.

Tukafinyanga tukipima, tukipunguza juu na chini mpaka nyuzi zote mbili zikakaa sawa. Ncha zikawa karibu bapa. Binti mmoja akauliza: «Mwalimu, likizunguka zaidi, kiuno hakinenepi?» Swali zuri kuliko yote ya mwaka ule. Hakinenepi. Kwa uzito uleule ikweta hubaki 62.8, shimo litulie au lizunguke hadi kikomo. Kinachopungua ni ule uzi wa nchani, ambao kwenye kikomo hufika 38.2.

Kisha tukaja kwenye mwanga. Shimo lililotulia lina duara moja ambalo mwanga unaweza kulizunguka kwenye ikweta. Kwa kipimo chetu mzingo wake ni sentimita 94.2. Linalozunguka huburuta anga lililo kando yake, kwa hiyo maduara huwa mawili. Mwanga unaokwenda pamoja na mzunguko hukaribia. Unaokwenda kinyume hulazimika kukaa mbali. Tulikunja waya mbili, sentimita 67.6 na sentimita 123.9. Hakuna mwanga unaodumu humo: ukisukumwa kidogo tu, hutumbukia au hutoroka.

Waya ndogo ilikaa kando ya udongo ikiacha pengo lisilofika hata sentimita 1. Hapo niliwasimamisha wote, maana kwangu hapo ndipo penye utamu. Ukikokotoa umbali halisi kutoka upeo hadi duara lile, unapata sentimita 6.8. Anga la pale limepinda kiasi kwamba meza yetu haiwezi kulibeba. Mizingo yote ni ya kweli, lakini nafasi kati yake haitoshi mezani.

Pimeni udongo ungali mbichi, kwa sababu ukikauka husinyaa na nyuzi hulegea.

Wakataka shimo la 0.9. Hilo halifinyangiki. Mwanafizikia Larry Smarr alionyesha mwaka 1973 kwamba mzunguko ukipita 0.866 hivi, uso wa upeo kwenye ncha hupinda kwa namna ambayo umbo zima haliwezi kukaa katika nafasi yetu ya kawaida. La 0.9 tulilikokotoa ubaoni tu: mwanga unaofuata mzunguko uko kwenye r ya 1.56 M, unaokwenda kinyume kwenye 3.91 M, na upeo kwenye 1.44 M.