Siku moja kwenye meza ya fundi saa, Mwanga, Kigoma

Saa 2 asubuhi. Nafungua kibanda karibu na soko la Mwanga na kutandika kitambaa cheupe mezani. Pini ya mkanda wa saa ikidondoka kwenye kitambaa cha maua, huipati tena.

Saa 2:40. Kijana wa bodaboda. "Kaka, nipunguzie, inanizunguka mkononi." Sikimbilii kutoa pingili, vile vipande vya chuma vinavyoungana kuwa mkanda. Mkono wa asubuhi si mkono wa saa 8 mchana, joto likizidi unavimba kidogo. Kwa hiyo naacha nafasi ya kidole kidogo kupita chini ya kifungo. Natoa pingili sawasawa pande zote mbili ili kifungo kikae katikati ya kifundo cha mkono, upande wa kiganja, na ikibaki ya ziada naitoa upande wa namba 6. Ndani ya mkanda kuna vishale: pini inayounganisha pingili inasukumwa kutoka kwa kufuata kishale, na kurudishwa inaingia kinyume chake. Pingili zilizotoka namfungia kwenye karatasi na kumsisitiza azitunze, maana akinenepa kesho za saa nyingine hazitaingia.

Saa 5. Mama muuza mawese.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huu mkanda umevutika, angalia unavyoning'inia."

Nasikia hivyo karibu kila siku, na kila mara naeleza kwa moyo wote, kwa sababu watu wanatupa mikanda mizuri bure. Chuma cha mkanda hakivutiki. Nashika saa kwa ubavu, mkanda ukae mlalo: mpya ungenyooka, wa mama unainama hadi chini. Nachomoa pini moja na kumpa lenzi atazame mwenyewe. Katikati imeliwa, imekonda kama kisu kilichonolewa miaka mingi, na tundu lake limepanuka upande mmoja. Ndani yake mna tope jeusi: jasho, vumbi la Kigoma la kiangazi na mafuta ya mawese. Tope hilo husaga chuma kila anapotikisa mkono. Mkanda uliolegea ndio huumia zaidi, kwa kuwa unacheza kutwa nzima.

Bahati yake pingili ni za chuma kizima. Zile za bati lililokunjwa, tundu likishaliwa hakuna pa kushika. Hapa nitabadili pini zote, na pingili mbili zilizo karibu na kifungo.

Saa 7. Ugali na mgebuka. Narudi.

Saa 8:30. Dada ana upele chini ya saa ya rangi ya dhahabu. Rangi imechubuka, chuma cha ndani kinagusa ngozi. Vyuma vingi vya bei rahisi vina nikeli, na wapo watu inawawasha. Wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi, lakini inabanduka upesi. Namshauri aivue mpaka ngozi ipone, kisha avae mkanda wa ngozi. Kumuuzia mkanda mwingine wa kupakwa leo ningekuwa namdhulumu.

Saa 10. Mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi anataka betri tu. Naikagua saa yote: pini ya springi inayoshika mkanda kwenye saa imepinda, ncha imelika. Namwambia tusiiache, ikikatika saa inazama. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na usiku anavuta nyavu kwa mikono miwili. Anakubali nibadili pini zote mbili.

Saa 11:15. Mama anarudi. Namwonyesha kuosha: maji ya uvuguvugu, sabuni, mswaki laini, kupitisha kati ya pingili huku akizikunja, kisha kukausha vizuri kwa kitambaa. Saa yake haizuii maji, kwa hiyo mkanda autoe kwanza, au auoshe bila kulowesha saa yenyewe.

"Mara ngapi?"

"Kwa kazi yako mama, kila wiki."

Anaivaa, anatikisa mkono, haichezi. Kidole kidogo kinapita. Ananilipa.