Skii Colorado na watoto: pesa iende kwenye buti na kwa mwalimu, mengine yasubiri

Ikifika Septemba meseji zinaanza kuingia kutoka kwa wabongo na Wakenya wa hapa Denver na Aurora, watoto wamerudi shule, wenzao darasani wanahadithia skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, na mzazi anataka kujua kitu kimoja tu, hivi hiyo kitu ni bei gani na mtu anaanzia wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja, nikiulizwa natuma linki.

Kwanza kabisa usianzie Vail, ule mlima maarufu wa skii. Najua jina ni kubwa na picha zinapendeza, lakini tiketi ya siku moja ukienda kununua dirishani wakati wa sikukuu inavuka dola 300 kwa mtu mzima, na wewe ambaye hujawahi kuvaa skii siku hiyo yote utaimalizia kwenye kale kamteremko ka wanaoanza, na kamteremko hako kako kila mlima. Nenda mlima wa Loveland, wana upande wao unaitwa Loveland Valley uko peke yake kwa ajili ya wanaojifunza, hakuna watu wanaokupita kwa spidi hadi roho ikuruke. Eldora nayo ni nzuri kwa walioko upande wa Boulder, unapanda basi la RTD, yale mabasi ya umma ya hapa, linakushusha pale pale. Na Echo Mountain ni kadogo, kako karibu na Denver, wana taa usiku, mnaweza kwenda jioni mkarudi mkalala kwenu.

Pili, pasi za watoto, na hapa ndipo wengi wetu tunapitwa kwa sababu hakuna anayetuambia. Colorado Ski Country, chama cha milima ya skii ya hapa, wanayo pasipoti, yaani pasi ya skii, ya watoto wa kindagate mpaka darasa la sita, mtoto anapata siku nne kila mlima, na milima iliyomo inakaribia 20, bei yake ya msimu mzima ni ndogo kuliko tiketi moja ya mtu mzima sehemu nyingi. Milima ya kampuni ya Vail haimo humo, ila na wao wana mpango wao wa watoto wa kindagate mpaka la tano. Masharti yanabadilika kila mwaka na ile ya Vail ina tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, huwa ni mapema kabla hata hujawaza theluji, kwa hiyo ingia mtandaoni sasa hivi, usisubiri Desemba.

Haya, hewa, inavyokuwa nyembamba ukipanda juu. Watu wanachukulia poa hili suala. Denver penyewe tuko mita 1,600, ukifika Loveland pale chini tu unapoegesha gari ni mita 3,200 na ushee, yaani kwa mliopanda Kilimanjaro hapo umeshapita kambi ya Mandara unaitafuta ya Horombo, tofauti ni kwamba umefika kwa gari ndani ya saa moja. Ile lifti ya juu kabisa ya mlima wa Breckenridge, Imperial Express, inafika mita 3,900 na kitu, Horombo yenyewe iko chini yake! Sasa mgeni ametua na ndege jana kutoka Dar au Mombasa unampeleka huko asubuhi, kichwa kitamgonga na atatapika na atasema skii ni mbaya. Mpe siku mbili Denver kwanza, maji mengi, na mtoto akilalamika kichwa usimwambie ajikaze, mshushe.

Buti sasa. Kama una hela ya kitu kimoja kizuri basi iwe buti. Skii zenyewe unaweza kukodi, fimbo kodi, koti azima kwa jirani, lakini buti likikubana vibaya au likikupwaya siku imekwisha. Saizi zake ni sentimita za mguu, sio namba za viatu vya kawaida, mwambie fundi akupime. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti vidole virudi nyuma, kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Wengi wanakuja wanataka namba kubwa ili "wapumue", matokeo yake mguu unacheza ndani na skii haikusikii. Na soksi ni moja, nyembamba, ndefu. Narudia, MOJA. Wazazi wetu wanamvalisha mtoto soksi tatu kwa upendo halafu damu haipiti na vidole vinaganda haraka zaidi kuliko angevaa moja.

Watoto msiwanunulie kabisa, wanakua. Maduka mengi ya hapa mjini yanakodisha kwa msimu mzima, unachukua mwezi wa tisa au wa kumi unarudisha majira ya joto, skii na buti na fimbo vyote. Urefu wa skii ya mtoto anayeanza uwe kati ya kifua na kidevu, usichukue ndefu eti atazikulia. Fundi atakuuliza uzito, urefu, umri na uzoefu, anatumia hizo kuseti kile kifungo kinachoachia buti mtu akianguka, kwa hiyo dada zangu naomba uzito usidanganywe hapo, kisipoachia ni goti linaloondoka. Helmeti sheria ya Colorado haikulazimishi lakini mimi nakulazimisha, na ununue mpya, ya mtumba huwezi kujua ilishagonga nini.

Nguo: jinzi hapana, pamba hapana, vikilowa vinakaa na baridi mwilini. Ndani vaa ile ya kubana ya sintetiki au sufu, katikati fulana nzito ya fliisi, juu koti na suruali zisizopitisha maji. Glavu za mtoto ziwe zile zinazoweka vidole vyote pamoja, zina joto kuliko za kidole kimoja kimoja. Kwa wasichana wetu, panga nywele kabla, rasta za fundo kubwa utosini helmeti haiingii, suka mistari inayolala nyuma na weka kitambaa chembamba cha satini ndani. Na losheni ya jua mpake hata kama ni mweusi tii, theluji safi inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya ile mionzi, midomo na macho ndiyo vinaumia kwanza.

Kufundisha. Wewe mzazi usimfundishe mwanao siku ya kwanza, hata kama unajua. Kwa baba mtoto analia, kwa mwalimu halii, sijui kwa nini lakini iko hivyo. Chini ya miaka mitatu mwache acheze tu na theluji, mitatu minne anaweza kuanza, nusu siku inatosha. Mwalimu atampa maneno mawili, piza yaani ncha za skii zikutane mbele ili apunguze mwendo, na chipsi yaani zinyooke aende, mnatumia hayo hayo mkiwa naye baadaye, usimletee lugha nyingine. Fimbo hahitaji mwanzoni, zitamchanganya. Afundishwe kuanguka kwa ubavu na kuinuka mwenyewe kabla ya kupanda lifti ya viti, na kwenye lifti makalio yaende nyuma kabisa na kile chuma cha kuzuia mtu asianguke kishuke. Kanuni ya kumkaririsha: aliye mbele yako ndiye mwenye haki ya njia. Na kijani, yaani rangi ya njia rahisi, cha mlima mmoja si lazima kilingane na kijani cha mlima mwingine, rangi zinapimwa ndani ya mlima huo huo tu, kwa hiyo mkihama mlima anzeni tena chini. Acheni akiwa bado anataka, usingoje achoke.

Kama mteremko unakutisha wewe mwenyewe, zipo skii za tambarare, zile alizoshindana Philip Boit wa Kenya kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, akamaliza wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye mstari. Tiketi zake ni nafuu sana na Eldora wanazo, ila jasho lake si mchezo.

Usafiri: Jumamosi kwenye I-70, barabara kuu ya kwenda milimani, kama hujapita Idaho Springs kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi utakaa barabarani. Kuanzia Septemba mpaka Mei kuna sheria ya matairi kati ya Morrison na Dotsero, tairi zenye kipara ni faini, na gari ambalo si four-wheel libebe minyororo ya tairi kwenye buti la gari. Au panda Snowstang, basi la kwenda kwenye skii, wikendi, au treni ya kwenda mlima wa Winter Park kutoka stesheni ya Union Station hapa Denver, inashusha karibu kabisa na lifti na watoto wanaipenda kuliko skii zenyewe. Chakula bebeni kutoka nyumbani, sambusa na chai kwenye thamosi, milima mingi wana meza za kukaa na chakula chako, maana bei ya baga kule juu siiandiki hapa.